Gari Halikuwa na Kosa

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
Ijumaa jioni

Mwanangu Atupele,

Salamu nazikata leo. Tumesalimiana asubuhi, mchana tumekula sahani moja, na muda huu nakusikia jikoni unabishana na mama yako kama ndizi za safari zichemshwe au zichomwe. Ukinikuta na kalamu utasema baba ameanza tena, anamwandikia barua mtu aliye chumba cha pili. Ni kweli. Unajua mdomo wangu hauna breki, lakini hili mdomo umegoma kulisema wewe ukinitazama.

Mambo ya kila siku siyagusi. Koti la mvua, dawa, sala, nani wa kumwamini na nani wa kumwogopa, yote mama yako amekwisha kukupa, na mengine ameyaandika kwenye karatasi akaibandika ndani ya kifuniko cha begi. Mimi nina swali moja tu la kujibu, lile uliloniuliza jana pale uani.

Ulisema kesho ukifika Mbeya watu wa mradi wa ng'ombe wa maziwa watakuonyesha vigari viwili vya fowili, vya kuvuta kwa magurudumu yote manne, vilivyotumika, uchague kimoja cha kufanyia kazi huku Mwakaleli. Kimoja kifupi, chekundu, kinang'aa. Kingine kirefu kidogo, cha kijivu, kimebonyea ubavuni. Ukauliza, "Baba, wewe ulikuwa na gari kama haya. Nichague lipi?" Nikakujibu, "Chagua lile fupi, mfanane." Ukacheka, mama yako akanirushia ganda la ndizi, mambo yakaisha.

Yaliisha kwako. Mimi nimekaa nayo tangu jana, kwa sababu huwezi kufanya kazi Mwakaleli bila kuvuka mto Mbaka, na Mbaka ina mahali fulani pa kuvukia ninapopafahamu kuliko ninavyotaka. Miaka saba iliyopita ulirudi likizo kutoka shule ukakuta wifi yako Tusajigwe hayupo, amerudi kwao, na mtoto aliyekuwa anamtarajia amezikwa. Ukaniuliza kulikoni. Nikakuambia breki za gari zilikatika tukaingia mtoni. Mwanangu, breki hazikukatika. Gari halikuwa na kosa lolote. Nataka ulijue hilo kabla hujashika usukani, maana njia ile bado ipo, na mvua haijanyamaza tangu adhuhuri.

Unamkumbuka Panzi, kigari changu cha kijani. Unachokumbuka wewe ni kukaa nyuma na kupiga kelele kila tulipoingia shimoni. Jinsi nilivyompata hukuambiwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumesahau hata majina yake, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaanza kuchagua sabuni kwa harufu. Ruksa ilikuwa na upande wake wa pili: mashirika yalianza kupunguza watu, na mimi, karani wa stoo ya vipuri, nikawa miongoni mwa wa kwanza. Nilikuwa nimekaa na vipuri miaka kumi na minne. Namba ya kila bolti nilikuwa nayo kichwani. Basi nikajiona fundi. Kumbe anayejua namba ya bolti na anayejua bolti linafungwa wapi ni watu wawili, na yule wa pili mimi nilikuwa sijawahi kukutana naye.

Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, kiinua mgongo changu kikiwa ndani ya soksi. Kwenye yadi ya magari yaliyotoka ng'ambo nilikuta mawili ya saizi yangu, kama wewe utakavyokuta kesho. Moja refu kidogo, limechoka, lina viti vya nyuma vinavyotazama mbele. Jingine fupi, turubai juu, viti viwili mbele na benchi mbili nyembamba nyuma, rangi ya kijani mbichi iliyopakwa juzi. Muuzaji alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya ofisi.

"Mzee wangu, hiki kinapanda ukuta."

"Kwetu hakuna ukuta. Kuna milima."

"Basi utapanda hiyo milima, uwaone watu wa chini."

Nadhani mimi ndiye niliyenunuliwa pale, kwa neno hilo. Mtu aliyepunguzwa kazi hana anachokitamani kama kuwaona wenzake kutoka juu.

Sikulala chini nitazame chasi. Sikuigonga fremu kwa bisibisi nisikie kama kutu imeila. Sikujaribu kama gia nzito inaingia. Nilijaribu redio. Muuzaji alipoinama kwenye gurudumu la mbele akanionyesha kifundo kilicho katikati yake, akaniambia, "Ukitaka fowili, kwanza ushuke ufunge loki hizi, hii na ile ya upande wa pili, ndipo uvute gia. Usipofunga, gia itaingia na taa itawaka, lakini haya magurudumu ya mbele yatakuwa abiria tu," mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa huku natafuta stesheni.

Kwa hiyo gari nililichagua kwa rangi, redio na maneno ya mwenye miwani. Halikunidai chochote kwa mwaka mzima. Lilipanda, likashuka, likabeba mbolea, likabeba maharusi, na mimi nikawa napiga honi hata kwa kuku. Barabara nzuri ikikubeba mwaka mzima, mwanangu, unadhani unajua kuendesha.

Sasa nije kwa wifi yako. Wewe umekulia mjini hapa, mambo ya ukutila unayajua kwa kusikia. Kwa kizazi cha bibi yako, baba mkwe na mkaza mwana wanaogopana. Mkaza mwana hamtazami mkwe wake usoni, hasemi naye, akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Kukiwa na neno la lazima linapitia kwa mtu wa tatu, mama mkwe au jirani. Mimi, mzee wa kanisa, mtu wa tai na gazeti, nilikuwa nawacheka wanaofanya hivyo. Nilikuwa nawacheka nikiwa mjini. Kaka yako Ambakisye alipomwoa Tusajigwe, akamwacha kwa bibi yako ng'ambo ya Mbaka na yeye kwenda migodini, kila nilipofika kule nilikohoa mara tatu nikiwa bado mbali, binti wa watu apate muda wa kujificha. Kwa miaka miwili nilichojua kwake ni kisogo, na sauti ya ndala zikikimbia. Uso wake niliuona siku ya harusi, na hata siku hiyo ulikuwa chini ya kitambaa.

Usije ukadhani alikuwa anaonewa. Ilikuwa heshima, na aliijua kuliko mtu yeyote. Bibi yako, ambaye hasifii hovyo, alikuwa akisema, "Huyu ana adabu. Hata kikohozi chake husikii."

Jumapili ile nilikuwa natoka ibadani nikakuta mtu ananingoja nje ya kanisa. Bibi amemtuma. Uchungu umemshika Tusajigwe tangu alfajiri, mkunga wa kijiji amempapasa akasema mtoto amekaa vibaya, aletwe hospitali upesi. Mama yako alikuwa msibani Kyela. Nikaondoka vile vile nilivyo, na suti na viatu vya kanisani, nikapita barabara kubwa yenye daraja, nikafika.

Bibi yako alikuwa ameshapanga kila kitu. Nilipozima gari tu, akaanza kufunga kanga mbili nyuma ya viti vya mbele, kutoka nguzo hii ya turubai hadi ile.

"Mama, muda ndio huu wa kutundika mapazia?"

"Gwe, anayezaliwa ni mjukuu wangu. Unataka azaliwe na laana? Na hicho kioo chako kigeuze."

Nikakigeuza kile kioo cha ndani kikawa kinatazama turubai. Nikatazama pembeni wakati wanampakia. Jirani wa bibi yako, Mama Subi, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, akapanda naye nyuma ili awe mdomo wake kwangu. Akajipenyeza kwenye benchi, gari likainama, akasema, "Baba Amba, endesha polepole. Mimi ndiye ledio ya huku nyuma." Wote tukacheka. Nakumbuka tulicheka.

Kwenye njia panda kabla ya daraja, lori la majani ya chai lilikuwa limelala ubavu, limeziba barabara nzima. Dereva wake amekaa juu ya gunia, ananyeshewa tu. Akaniambia, "Mzee, hapa ni mpaka jioni." Nikageuza, nikashika njia ya bondeni inayokwenda pale pa kuvukia. Nilikuwa nimepita pale mara tatu, kiangazi, maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Kabla ya kuteremka mtoni kuna kilima kifupi cha udongo mwekundu. Unaujua udongo wetu ukilowa, hata mbuzi hupanda akitazama wapi pa kuweka mguu. Nikavuta gia ya fowili. Taa ikawaka. Nikaridhika. Loki sikushuka kuzifunga, na nisikudanganye kwamba nilisahau kabisa. Zilinipita kichwani. Nikatazama matope nje, nikatazama viatu vyangu, nikajiambia taa si imewaka.

Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, na gari likaanza kurudi kinyumenyume kama mtu aliyebadili mawazo.

"Mama Subi, shuka kidogo tupunguze uzito."

"Unaniambia mimi mnene?"

"Nasema kilima ndicho chembamba."

Akashuka, akavua ndala, akasukuma huku ananitukana kwa Kinyakyusa. Panzi akayumba, akashika, akapanda. Nilipofika juu nilikuwa najua jambo moja tu la kuendesha kwenye matope: ukiupata mwendo usiuache. Ni kweli kwa matope. Nikahesabu kwamba nikisimama sitaondoka tena, na mtoni ni karibu, Mama Subi atateremka kwa miguu atukute. Nikapitiliza. Nikamsikia nyuma, "Baba Amba, ningoje," halafu ukungu ukamfunika na sauti yake.

Hivyo ndivyo nilivyouacha mdomo wa wifi yako kilimani.

Tukateremka wawili. Nyuma ya kanga kimya. Mwanamke ana uchungu tangu alfajiri, gari linaruka kila jiwe, na nyuma hakuna hata mguno. Nilifikiri labda amepata nafuu. Baadaye Mama Subi aliniambia alikuwa ameng'ata ncha ya kitenge, ili mkwe asimsikie.

Mbaka tuliisikia kabla hatujaiona. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila kupiga mawe, na mto usiopiga mawe ni mto uliokwisha kuyafunika. Lakini niliona alama za matairi zimeingia majini upande huu, nikajipa moyo kwamba kuna mwenzangu aliyepita. Sikujiuliza alipita lini.

Hapo ndipo alipogonga. Goo. Kwenye bati la ubavuni, kwa kiganja. Nikajua uchungu umemzidi, ananihimiza. Nikaongeza mwendo. Goo, goo. "Tunafika, tunafika," nikauambia usukani, maana yeye sikuruhusiwa kumwambia. Akagonga mfululizo, ngumi sasa, na mimi kila alipogonga nikakanyaga zaidi, nikijiona baba mkwe mwenye huruma kweli.

Tusajigwe alizaliwa migomba michache kutoka pale. Maji ya mto ule alikuwa ameyachota tangu anabebeshwa ndoo ndogo. Na alijua jambo ambalo kila mwanamke anayechota maji pale alilijua: kwamba majuma mawili kabla ya siku ile mafuriko yalihamisha changarawe yote ya pale pa kuvukia yakaacha shimo, na wao wanawake wamekwisha kuhamia juu kidogo, penye gogo. Sisi wanaume wa magari hatukuwa na habari. Hatuchoti maji.

Magurudumu ya mbele yalipogusa maji, mkono wake ukatoka katikati ya kanga ukanishika bega. Haukunigusa kwa bahati mbaya. Ulinishika hasa, ukanivuta nyuma.

Nikaukwepa. Hicho ndicho nilichokifanya, Atupele, na nimekigeuza kichwani kwa miaka saba hakijawahi kuwa kitu kingine. Mkaza mwana wangu amenishika, na mwili wangu, ule uliokuwa unawacheka watu wa ukutila ukiwa mjini, ukajikunja kwenda mbele kama umeguswa na kaa la moto. Mguu wa kulia ukaenda pamoja na mwili. Panzi akaruka kama jina lake, akaingia shimoni kwa pua.

Injini ikazima. Maji yakaingia kwa chini ya milango. Nikatoka, nikazunguka hadi nyuma, maji yako kiunoni, nikaishika kamba ya turubai ili niifungue. Nikasita. Nikifungua nitamwona, na nikimtoa nitambeba. Nilisimama pale nimeshika kamba, na badala ya kuifungua nikaanza kuita. "Jamani, kuna mwanamke huko? Mwanamke yeyote?" Niliita kuelekea migombani, upande huu na upande ule. Sijui niliita mara ngapi. Maji ya kiuno yalikuwa yamefika kifuani.

Kamba aliifungua yeye, kwa ndani. Akatoka mwenyewe, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na nguzo ya turubai kwa mwingine. Na mimi nikageuza uso.

Mama Subi alitokea akikimbia, ana matope hadi mapajani, akaingia mtoni bila kuniuliza chochote, akamkokota hadi ukingoni. Mtoto alizaliwa pale pale migombani, juu ya majani makavu. Alikuwa wa kiume. Mama Subi alimpiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akampiga tena. Halafu akamfunika. Aliponitazama alisema neno moja tu, bila hasira, "Nilikuambia ningoje."

Kesho yake wanaume walikuja na kamba kumvuta Panzi. Mmoja akainama kwenye gurudumu la mbele. "Baba Amba, mbona loki ziko wazi?" Nikamjibu, "Labda zimefunguka mtoni." Loki hazifunguki mtoni. Naye alijua, lakini mtu aliyefiwa na mjukuu haulizwi mara mbili. Kumbe ndivyo uongo unavyoanza kupata nafasi, kwa heshima za watu.

Juma lililofuata kikao cha ukoo kilikaa uani kwa bibi yako. Tusajigwe alikuwa ndani. Asingeweza kutoka mbele yangu, na hakuna aliyemtuma mtu kumuuliza. Baba yako mkubwa ndiye aliyeongoza. Akaniuliza, "Wanawake wanasema amewaambia kwamba mle garini alikugusa. Alikugusa?"

Nikasema, "Alinigusa."

Bibi yako akajifunika uso kwa kitenge. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza neno, mwanangu. Nilikuwa nayo ndefu tu, watu wameinamisha vichwa, mvua inadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Ningesema alinigusa kwa sababu alikuwa anatuokoa. Ningesema aligonga kwanza, nikaongeza mwendo. Nilikuwa nimeulizwa swali na nimelijibu, na jibu lilikuwa la kweli. Nikaliacha hapo. Mama Subi alitaka kusema, wakamwambia, "Wewe hukuwemo." Na ni kweli hakuwemo. Nilimshusha mimi.

Wakakubaliana kwamba binti amevunja ukutila, na ndicho kilichomchukua mtoto. Siku tatu baadaye alirudishwa kwao na mkeka wake na ndoo. Kaka yako alipata habari migodini kwa barua ambayo sikuiandika mimi, na unajua mwenyewe ana muda gani hajaja nyumbani. Watu wa kijiji niliwaachia laana. Wewe ulikuwa umesoma, laana usingeinunua, nikakupa breki. Kila mtu nilimpa uongo wa saizi yake. Na Panzi nilimuuza vipande vipande, nikimwambia kila fundi kwamba gari lile halikuwa na bahati.

Basi jibu lako ni hili. Chukua lile la kijivu, lililobonyea. Bonyeo halizamishi mtu. Lakini kabla hujalichukua lala chini yake hata kama umevaa gauni, gonga fremu, sikiliza. Ingiza gia nzito mbele yao, tembea nalo, uone kama linavuta kwa magurudumu yote manne. Loki uzifunge ukiwa bado pakavu. Kuteremka, shika gia nzito uache injini ikuzuie, mguu uuweke mbali na klachi. Redio usiijaribu. Na kaa kwenye usukani, mwambie mtu akae nyuma aseme neno kwa sauti ya kawaida. Kama humsikii, au kama kioo hakikuonyeshi uso wake, hilo gari liache hata kama limetoka kiwandani jana.

Ukifika penye maji usimuulize dereva. Muulize mwenye ndoo.

Leo sokoni Msasani, hapa hapa Tukuyu, nimemsikia mtu wa lori akisema magogo ya daraja la Mbaka yamesogea tena na magari yameanza kupita kwa chini, pale pale pa kuvukia. Nilirudi nyumbani nikaichukua barua yako ya ajira pale kabatini, nikaikalia mchana kutwa. Nilikuwa nafikiria kuificha. Nimeirudisha. Mama yako atakuambia nilikuwa nalala kwenye kiti. Mwache aseme hivyo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine iliyofungwa, ya kaka yako. Ina haya haya, pamoja na ya kwake zaidi. Kesho uitie posta pale Mbeya kabla hujaenda kuona magari.

Limebaki moja. Asubuhi ulinionyesha kwa furaha orodha ya wafugaji utakaowahudumia. Jina la nne nimelisoma mara mbili. Hukulitambua kwa sababu wameandika la ubini wa kwao. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba yake naambiwa iko juu tu ya pale pa kuvukia, ng'ambo. Utafika uani kwake, pengine juma hili hili. Atakujua kabla hujajitaja, maana sura hii ya kwangu umeibeba nzima.

Salamu sikutumi. Maneno yangu kwake yamepitia watu wa tatu vya kutosha. Nitakwenda mwenyewe mvua ikipungua, na kama hataki kuniona, safari hii itakuwa ni haki yake na si mila. Wewe akikufungia mlango, mtibu ng'ombe wa jirani, urudi siku nyingine. Akikukaribisha, kaa usikilize. Utakuta maelezo yake hayalingani na yangu kila mahali. Akisema nilisimama majini muda mrefu kuliko nilivyoandika hapa, mwamini yeye. Mimi nilikuwa nimegeuza uso. Yeye alikuwa ananitazama.

Baba yako